Mlima Hauna Haraka

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi huku hatujambo, na viazi vya mwaka huu vimekubali. Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza kama mje Kitulo, ule uwanda wa maua juu milimani, wiki ya mwisho ya Desemba au mngoje Juni shule zikifungwa, na kama siku mbili zinatosha, mkishuka kwa ndege Songwe asubuhi na kulala juu uwandani jioni hiyo hiyo. Kisha umeniandikia, kwa mstari mmoja kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mzazi mwenzangu, mama wa mkeo, atafuatana nanyi, naye hajapata kutoka Pwani kuja nyanda za juu. Niruhusu nianze na mstari huo, kwa sababu mambo mengine yote ya safari yenu yananing'inia hapo.

Unaikumbuka habari ya mahari ya baba yako mdogo, ingawa wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni na umeisikia tu ikisimuliwa kwenye sherehe, tena na watu wanaoisimulia vibaya. Ilikuwa kabla Kitulo haijawa hifadhi. Msafara ulitoka Matema alfajiri kwenda kwa wakwe zetu Wakinga, upande wa Makete, na shangazi yako mkubwa alikuwa ndani yake kwa sababu bila yeye mahari isingekamilika. Matema ni ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mahali pasipofika mita 500 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Mimi nilisema, na baba yako alinisikia nikisema, kwamba tulale Tukuyu kwanza, kesho yake tupande taratibu. Wazee walisema tutachelewa. Tukapanda siku moja, gari likazama kwenye tope juu kule jua likizama, na tukaomba hifadhi kwa watumishi wa shamba la mifugo, ambao Mungu awabariki walipo, kwa maana walitupa maziwa ya moto na chumba chenye jiko la mkaa lililowekwa nje ya mlango, wala si ndani.

Usiku ule shangazi yako hakulala. Kichwa kilimpasuka, akatapika maziwa, na kila alipopitiwa na usingizi alishtuka kama mtu anayetafuta pumzi. Asubuhi ukungu ulipoinuka tuliona kwamba tulikuwa tumelala katikati ya maua: mengine mekundu yenye ncha ya manjano, yamesimama wima kufika kiunoni, na ndege chozi wananing'inia juu yake wakinyonya, mengine meupe, madogo kuliko ukucha, yamejificha chini ya nyasi mpaka uiname ndipo uyaone. Watu wote walitoka wakatembea. Yeye alikaa kwenye kizingiti, kanga mbili kichwani, macho amefumba, kwa sababu mwanga ulimzidishia maumivu. Mmoja wa wazee, ambaye jina lake silitaji, akasema mbele ya watu wote kwamba huyu mama anadeka, hakuipenda ndoa hii tangu mwanzo na sasa anatafuta namna ya kuivunja.

Lakini hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni lililofuata. Gari liliponasuliwa tukaendelea, njia ikateremka kuelekea Makete, na kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyofunguka macho. Tulipofika alikuwa ameketi wima, na walipotuandalia ugali alikula akamaliza. Wakacheka! Wakasema, mgonjwa gani huyu anayepona akiona chakula? Mwanangu, kule kupona kwake ndiko kulikokuwa ushahidi wake. Dawa ya ugonjwa wa mlima, ule unaomshika mtu aliyepanda juu upesi, ni kushuka. Mtu akishushwa hata mita mia chache maumivu humwachia, na hivyo ndivyo unavyojua kwamba kilichomshika kilikuwa mlima na si malaria wala hila. Ushahidi huo huo ndio waliomhukumia. Alifariki bila kupanda tena Kitulo, na aliyekuwa akitamani kuyaona maua yale kuliko sisi sote ni yeye.

Kwa hiyo ukiniuliza mwezi gani, mimi nakuuliza kwanza: katika msafara wako, atakayesema kichwa kinamuuma atasikilizwa na nani? Mzazi mwenzangu ni mgeni, tena ni mkwe. Mkwe hasemi. Atavumilia kimya ili asiwaharibie watoto safari, na atakapofungua kinywa itakuwa amekwisha kuchoka. Hilo ulitengeneze kabla hujanunua tiketi.

Mlima hauna haraka. Nimekuambia maneno haya tangu ulipokuwa unakimbilia mlima Loleza na wenzako baada ya shule, na sitaacha kuyasema. Hewa ya Kitulo ni hii hii, isipokuwa imepungua uzito: kila mtu anapovuta pumzi kule hupata kama robo tatu tu ya ile oksijeni ambayo angeipata Dar es Salaam. Mwili hujifunza, lakini hujifunza kwa siku, na wengi huanza kusumbuliwa wakilala juu ya mita 2,500. Haichagui mzee wala kijana. Aliye hodari wa mpira anaweza kulala chali na bibi yake akatembea. Ndiyo maana mpango wako wa kutoka usawa wa bahari asubuhi na kulala uwandani usiku siupendi hata kidogo. Laleni hapa kwangu kwanza. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, inatosha kuuamsha mwili bila kuutesa. Siku ya kwanza msifanye lolote zaidi ya kwenda sokoni. Siku inayofuata mwende Ngozi, mpande ule msitu polepole hadi ukingoni mlione ziwa lile la kijani ndani ya kasoko, shimo la volkeno, kisha mrudi kulala chini. Mchana panda, usiku shuka. Wanaopanda milima mirefu duniani kote hufanya hivyo. Baada ya hapo Kitulo mnaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, na kama wote wazima, ndipo mlale juu usiku mmoja.

Utaniambia siku hazitoshi. Basi punguza mahali pa kwenda, usipunguze usiku wa kulala. Daraja la Mungu na Kijungu, vivutio vile vya mto Kiwira, vipo, na mlima Rungwe wenyewe upo, wenye karibu mita 2,960, na katika msitu wake yumo kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimzungumzia siku zote. Havitahama.

Kuhusu njia, piteni Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Ile ya kutoka Chimala kwenda Matamba, yenye kona 57 ambazo zimeipa jina la Hamsini na Saba, ni nzuri mno kuitazama, kwa sababu bonde lote la Usangu linabaki miguuni pako; lakini huinuka ghafla, na wakati wa mvua sitaki wajukuu wangu waipande. Wakati wa kiangazi, na dereva mzoefu, labda mshuke nayo.

Sasa mwezi. Maua hufuata mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda huvaa rangi, na wataalamu wamehesabu aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini; kwa ajili hiyo hasa serikali iliitenga Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, nasi wenyeji tulikuwa tumekwisha kuiita Bustani ya Mungu. Anayekuja kutazama maua anakuja wakati huo. Lakini mvua inayoleta maua ndiyo inayolainisha barabara na kuleta ukungu wa siku nzima, na mtu aliyelowa katika upepo wa kule hupata baridi mbaya kuliko ya Juni. Juni, kwa upande wake, anga ni safi, njia ni kavu, unaona kilele baada ya kilele. Maua utayakuta machache sana, na alfajiri utakuta barafu imelala juu ya nyasi. Joto hupungua kwa nyuzi kama sita kila unapopanda mita 1,000. Fanya hesabu kutoka Dar es Salaam uone mkwe wako anahitaji sweta ngapi.

Nikilifikiria hili naona Desemba ndiyo haki, maana mtu hasafirishwi kutoka Pwani kuja kuangalia nyasi kavu. Kisha nakumbuka tope lile, na gari lililotulaza juu bila kupanga, nasema Juni. Kisha nasema tena, lakini kama shangazi yako angepewa mara ya pili, angechagua maua. Na kweli angechagua, wala asingeuliza habari ya tope. Hata hivyo yeye si mkwe wako, na uamuzi wa mtu mmoja hauwezi kuvalishwa mwingine. Mwishoni mwa Januari au Februari ndio wakati ambao ningependa mimi, ila najua shule hazitaruhusu, kwa hiyo nimelitaja tu na sitalisukuma. Chagua wewe na mkeo. Nimejizuia kusema zaidi, na si kwa wepesi.

Mambo mawili ya afya siwezi kuyaacha. Kama yule mdogo bado hajapimwa selimundu, ugonjwa ule wa damu wa kurithi, apimwe kabla ya safari, kwa sababu mwenye ugonjwa huo baridi na upungufu wa oksijeni humwamshia maumivu makali, na kule hospitali haiko jirani. Na mzazi mwenzangu amwone daktari wake amweleze wazi urefu wa mahali anapokwenda, hasa kama anameza dawa za shinikizo la damu. Usimwulize wewe kama yuko tayari. Amwulize mkeo, faraghani, naye apewe nafasi ya kusema hapana bila mtu kununa.

Watoto nao wafundishwe mapema kwamba ua la Kitulo halichumwi na wala kiazi chake hakichimbwi. Okidi zile zilichimbwa kwa magunia zikavushwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko, na mmea ukishang'olewa kiazi hakuna kinachobaki cha kuchipua mwaka ujao. Wajukuu wakitaka kumbukumbu wapige picha, tena wapige magoti, kwa maana yaliyo mazuri zaidi yako chini.

Mkiwa juu, kila asubuhi kabla ya chai muulizeni kila mtu alilalaje, na kwanza mumwulize mgeni. Akijibu kwamba kichwa kinamuuma na chakula hakikitaki, asipewe dawa ya maumivu na kuambiwa ajikaze, na pasiwe na mtu wa kumtazama usoni kupima kama anasema kweli. Washeni gari mshuke Isyonje, hata kama mmelipia siku nzima. Akishapata nafuu pale, na akala, mshukuruni Mungu kwa sauti mbele ya watoto, waelewe kwamba alikuwa anaumwa.

Niandikie tarehe mara tu mtakapoafikiana, nianze kuanika mablanketi ya chumba cha nyuma, na uniulizie kama mzazi mwenzangu anakula magimbi au nimtafutie mchele wa Kyela.

Mama yako