Kurekodi mbawakawa: jina la mkoa peke yake halitoshi

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama picha zako za mbawakawa kutoka Tanga, Morogoro na Mbeya unaweza kuzipanga kwa mikoa tu, jina la mdudu huku na mkoa kule, ili ipatikane ramani ya nani anaishi wapi. Mimi nimekuwa afisa ugani kwa miaka mingi, mashambani na maghalani, na kila nilikopangiwa kazi nimerekodi mbawakawa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu wanaofanya kazi hii kwetu ni wachache mno, na ikianza vibaya picha zote hizo hazitamsaidia mtu.

Mkoa usiuhesabu kuwa ni mahali. Chukua huo Tanga. Unaanzia ufukweni Pangani, unapita tambarare ya Muheza, unapanda Amani kwenye meta 900 hivi, mpaka msitu wa Magamba juu ya Lushoto, zaidi ya meta 2,000. Mbawakawa wa minazi ya Pangani na mwenzake anayeishi ndani ya gogo bovu kule Magamba hawakutani maisha yao yote, lakini kwenye orodha yako wote wawili ni wa "Tanga". Usambara na Uluguru kuna wadudu wasiopatikana kwingine duniani, na baadhi hawawezi hata kuruka, hivyo wamebaki kwenye misitu ya mlima mmoja. Kwa hao, kilomita chache tu zinatosha kumtoa mtu kwenye makazi yao.

Isitoshe, mikoa yenyewe inagawanywa. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Mwaka 2012 tukapata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Mdudu aliyeandikwa "Mbeya, 2009" akiwa ameonekana Vwawa, leo ni wa Songwe, na hakuna atakayejua kama hukuandika Vwawa. Wenzetu wa Kenya waliokuwa wakiandika "Rift Valley" au "Coast" wana kaunti 47 sasa.

Wanaosoma lebo za wadudu waliokusanywa enzi za Mjerumani wanalijua tatizo hili vizuri. "Wilhelmstal" ni Lushoto. "Neu-Langenburg" ni Tukuyu. "Bismarckburg" ndiyo mtego mkubwa, kwa kuwa moja ilikuwa Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na nyingine ilikuwa Togo. Asiyejua anamchukua mdudu wa Afrika Magharibi na kumpa makazi Rukwa.

Kwa hiyo kila picha iwe na maelezo yanayoweza kumrudisha mtu mwingine pale pale uliposimama. Andika kijiji, kata na wilaya, halafu umbali na upande kutoka sehemu isiyobadilika kama daraja au kilele cha mlima. Andika mwinuko, latitudo na longitudo, tarehe, na jina la aliyemwona. Na tafadhali usiache kuandika ulimkuta kwenye nini: chini ya gome, kwenye kinyesi cha ng'ombe, ndani ya shina la mgomba, kwenye taa ya barazani saa mbili usiku. Kwa mtu wa wadudu, hilo la mwisho lina uzito sawa na jina la kijiji. Aliyekuja kwenye taa ameruka kutoka usikokujua, wakati aliyetolewa kwenye shina akiwa bado buu amezaliwa hapo hapo.

Namba za GPS simu yoyote ya kisasa inakupa. Desimali nne zinatosha, zinakufikisha kwenye meta kama 11. Ila chunga alama ya kutoa, maana sisi tuko kusini mwa Ikweta. Morogoro mjini ni takribani -6.82 na 37.66. Ukiiacha ile alama, mdudu wako anahamia kusini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Sodo. Ukizigeuza namba, ya pili ikatangulia, anaangukia kusini mwa Hispania. Hifadhidata ya GBIF, inayokusanya rekodi za viumbe kutoka dunia nzima, inalinganisha namba na jina la nchi ili kunasa makosa ya aina hii, kwa hiyo jina la nchi nalo liandike hata kama unaona linajulikana. Kwenye tarehe, mwezi uandike kwa herufi. 4/5 kwetu ni tarehe nne Mei, kwa Mmarekani ni tarehe tano Aprili.

Jambo moja linaloharibu rekodi nyingi za kwetu: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapoteza taarifa za mahali na saa zilizokuwa ndani yake. Ukiomba picha kwa watu wa mikoani, waambie watume kama dokumenti, au waandike mahali na tarehe papo hapo chini ya picha.

Sasa niseme kwa nini nasisitiza hivi, na mfano ni dumuzi (Prostephanus truncatus), mbawakawa mdogo anayebungua mahindi ghalani, mdudu niliyeishi naye kazini kuliko mwingine yeyote. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwetu alijitokeza Tabora kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, akaripotiwa rasmi mapema miaka ya 1980, na 1983 akaonekana Taveta, upande wa Kenya. Togo alionekana 1984. Hakuna ushahidi kwamba aliruka mwenyewe umbali wote huo. Alisafiri ndani ya magunia, na njia yake tunaijua kwa sababu palikuwa na watu walioandika: ghala gani, wilaya gani, mwezi gani. Kumbukumbu zingekuwa za mkoa tu, tungeona madoa makubwa kwenye ramani bila kujua kama alifuata reli, barabara au soko.

Ndiyo maana kwa wadudu wa ghalani uandike mambo mawili: ulimkuta wapi, na mzigo ulitoka wapi. Gunia lililofunguliwa soko la Kibaigwa laweza kuwa limetoka Rukwa au Ruvuma. Ukiandika "Dodoma" ukanyamaza, umerekodi soko na kumwacha mdudu.

Halafu dumuzi anatufundisha kutomtafuta mdudu pale tu tunapotegemea kumkuta. Mitego yenye harufu ya kumvutia, iliyotundikwa porini Kenya mbali na mahindi, ilimnasa vilevile, kwa kuwa anaishi hata kwenye miti mikavu. Waliokuwa wakikagua maghala peke yake wasingejua. Na taarifa hizo za mitego ndizo zilizowezesha kufuatilia adui wake, Teretrius nigrescens, naye ni mbawakawa, aliyeachiliwa Togo 1991 na Kenya 1992 ili amle.

Kumtambua nako kunataka umakini, kwani mahindi yaliyobunguliwa watu huyasingizia fukusi yote. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi hana, kichwa chake kimefichwa chini ya kifua, ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma amekatwa wima kama aliyepigwa patasi. Ana milimita 3 hadi 4.5, na anaacha unga mwingi. Yupo ndugu yake mdogo, Rhyzopertha dominica, anayefanana naye, ila nyuma ni wa mviringo na kwa kawaida hazidi milimita 3. Picha ya juu peke yake haiwatenganishi vizuri. Piga na ya ubavuni.

Kuhusu programu za simu zinazotaja jina la mdudu, zitumie kama mtu wa kukuelekeza njia tu. Chonga wa minazi yetu ya pwani ni Oryctes monoceros, lakini programu mara nyingi inakupa Oryctes rhinoceros wa Asia, kwa vile picha zake mtandaoni ni nyingi. Huyo wa Asia ameshafika Mauritius na Réunion, kwa hiyo rekodi ya uongo kwamba yuko Bagamoyo si jambo dogo, inaweza kuwafanya watu wa afya ya mimea wafunge safari. Huna uhakika wa spishi? Ishia kwenye jenasi, yaani lile neno la kwanza la jina la kisayansi. "Oryctes, Pangani, kwenye kisiki cha mnazi" ni rekodi safi kabisa, mtaalamu ataimalizia.

Rekodi pia siku ulizotafuta ukakosa. Ramani nyingi za wadudu zinaonyesha barabara kuu na vituo vya utafiti, kwa sababu huko ndiko watu walikopita. Amani kumejaa alama tangu Wajerumani waweke taasisi yao pale 1902. Katavi na Lindi kuna nafasi tupu, na hakuna ajuaye kama ni tupu kweli. Ukiandika "nimepekua magogo kwa saa mbili, hayupo", umejaza sehemu ya nafasi hiyo.

Hifadhini usiokote mdudu bila kibali, mambo ya utafiti huko yanapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Wale mbawakawa wakubwa wanaotafutwa na wafanyabiashara, mahali pao halisi usipaanike. iNaturalist, mtandao wa kuweka picha na rekodi za viumbe, inakuruhusu kuficha namba kamili huku rekodi ikibaki.

Zile picha za zamani usizokumbuka mahali hasa, usibuni namba. Weka katikati ya eneo unaloamini, kisha andika nusu kipenyo cha shaka yako, yaani umbali unaoweza kuwa umekosea kutoka hapo katikati, hata kama ni kilomita 15. Za Mbeya za kabla ya 2016, tenga kwanza zilizopigwa Mbozi, Momba na Ileje, hizo ni za Songwe. Na yule mdogo wa kahawia uliyesema umemtoa kwenye mhogo mkavu, muweke hapa, mgongo na ubavu, rula ikiwa pembeni. Dumuzi anakula mhogo pia.