Robo tatu ya Mwingereza na robo tatu ya Mmarekani

Nilianza kama fundi bomba wa majumbani. Matangi, mabafu, masinki, kutoka Ngamiani mpaka Chumbageni hapa Tanga, na venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, sikuwa nayo wala sikuiona faida yake. Unaingia dukani, unasema "nipe ya nusu" au "nipe robo tatu", unapewa, inaingia, unalipwa. Kwa hiyo nahodha mmoja aliponifuata kwamba koki ya chini ya boti yake inavuja, nilibeba mkoba uleule nikashuka naye pwani ya Deep Sea, nikijua adhuhuri itanikuta nyumbani.

Boti ilikuwa ya faiba, imetengenezwa Marekani, imeshapita mikono ya watu kadhaa kabla ya kumfikia yeye. Ilikuwa imelazwa mchangani, maji yamepwa. Koki yenyewe ndiyo inayoingiza maji ya bahari ya kupoza injini. Nikafungua ile mbovu, nikaipima kwa macho: robo tatu. Nikapanda mjini, nikanunua koki mpya ya robo tatu, nikazungusha utepe mweupe, nikafunga. Ikaingia vizuri mizunguko mitatu, minne, kisha ikakaza. Nikafurahi kwamba imekaza. Maji yalipojaa tukaangalia, hakuna hata tone.

Siku ya tatu akanipigia simu. Walikuwa njiani kwenda Pangani, injini imetetemeka zaidi ya saa nzima, kijana wake kashuka kuchukua ndoo akakuta maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ya boti, yamepanda juu ya mbao za sakafu. Walifua maji mpaka wakarudi ghubani. Hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, njoo uione kazi yako." Afadhali angetukana.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa injini pale pwani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akachukua kiungio cha zamani cha boti na kiungio kipya kutoka kwenye mkoba wangu. "Mwanangu, hesabu meno." Nikaweka rula, nikahesabu: meno 14 kwa inchi. "Na hicho kingine?" Meno 14. Nikasema basi ni sawasawa. Akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana umedanganyika. Ingekuwa ya inchi moja ingekukatalia palepale."

Alichonieleza siku ile ndicho ninachotaka kukueleza wewe unayetengeneza mabomba ya boti. Thredi za bomba, yaani yale meno ya kufungia, zinazozunguka duniani ni za familia mbili kubwa. Ya kwanza ni BSP, ya Kiingereza, inayotokana na kazi ya Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza thredi za aina moja kwa nchi nzima, pembe ya jino ikiwa digrii 55. Hiyo ndiyo iliyojaa madukani kwetu. Ya pili ni NPT, ya Kimarekani, na pembe yake ni digrii 60. Kwenye nusu inchi na robo tatu zote mbili zina meno 14 kwa inchi, na unene unatofautiana kwa chini ya nusu milimita. Kwa hiyo zinakubaliana mizunguko michache, kisha jino linabana upande mmoja na kuacha uwazi upande wa pili. Uwazi huo unazunguka na thredi kama ngazi ya mnara, na maji hupanda ngazi hiyo taratibu. Utepe unaziba kwa muda. Mtetemo wa injini ukishaupondaponda, njia inafunguka.

Kuanzia inchi moja mambo ni mepesi zaidi, maana BSP ina meno 11 na NPT ina 11 na nusu. Hapo thredi inakwama mapema na hata fundi mzembe anashtuka. Mimi simuogopi kiungio kinachokataa. Namuogopa huyu anayekubali nusu.

Sasa, majina. Robo tatu ya BSP ukiipima kwa venia haina robo tatu ya inchi popote. Unene wake wa nje ni milimita 26.4. Nusu inchi ni karibu milimita 21, inchi moja ni zaidi ya 33. Jina limebaki kutoka kwenye tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Ongeza na bomba zetu za plastiki za PPR: lililoandikwa 20 muuzaji analiita nusu, la 25 ni robo tatu, la 32 ni inchi moja. Yaani mtu anaagiza kwa inchi, anapewa kwa milimita, na anafunga thredi ya Mwingereza. Nchi kavu mchanganyiko huu hausumbui kwa sababu vyote vimetengenezwa vikijuana. Kwenye boti iliyotoka mbali havijuani.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye boti ni ilitengenezwa wapi, kabla hujauliza ilinunuliwa wapi. Na usidhani boti ya Mjerumani, kwa kuwa spana zake zote ni za milimita, basi na bomba zake ni za milimita. Wajerumani nao kwenye bomba wanatumia thredi hizihizi za Whitworth. Utaona kiungio kimeandikwa G 3/4. Herufi G maana yake thredi imenyooka, R maana yake inachongoka kuelekea mwisho. Ya kuchongoka inaziba kwenye meno yenyewe, kwa utepe au kwa katani na rangi kama walivyotufundisha wakubwa zetu (na katani hapa Tanga hatuhitaji kuazima kwa mtu). Ya kunyooka inaziba kwa washa, ile pete bapa, pale inapokalia. Ukiifungia utepe tele bila washa umepamba tu.

Mtego mwingine uko kwenye vitu vidogo vya injini, kama kipima joto na kipima oili. Thredi ya M10, yaani ya milimita 10, yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1 na ile ya BSP ya moja ya nane zinafanana kama pacha: milimita 10 dhidi ya 9.7. Moja ya nane ina meno 28 kwa inchi, ambayo ni hatua ya milimita 0.9 hivi. Ukilazimisha unaharibu thredi ya injini, na hapo gharama si ya washa tena. Funga kwa vidole kwanza. Vidole vikishindwa kabla ya mizunguko mitano, spana isiingilie ugomvi.

Bomba nyembamba za dizeli za shaba nazo zina hila yake. Ya 5/16 ya inchi ni milimita 7.94, hivyo pete ya milimita 8 mara nyingi inaibana. Fundi akifaulu hapo anajiamini, anachukua ya 3/8 na kuitia kwenye kiungio cha milimita 10. Hiyo ni 9.5. Nusu milimita kwenye dizeli ni harufu ndani ya boti nzima, na injini inayonyonya hewa na kuzimika mbele ya mwamba.

Njia ninayoipenda kuliko adapta ni mpira. Upande wa boti funga kiungio cha kuvalishia mpira chenye thredi ya Kimarekani, upande wa injini chenye thredi yake, katikati weka mpira. Mpira wa milimita 19 ndiyo robo tatu, wa 25 ndiyo inchi, wa 38 ndiyo inchi na nusu. Tofauti ni ndogo mno, klipu inaimaliza. Chini ya maji weka klipu mbili kila upande, za stenlesi mpaka kwenye skurubu yake. Kwa dizeli tumia mpira wa mafuta. Wa bustani utalainika.

Kwa boti ile ya nahodha kiungio cha Kimarekani hakikupatikana Tanga. Tulikisubiri kwa wiki kadhaa, tundu tumelipiga kizibo cha mti. Angeweza kuning'ang'aniza nichonge chochote, lakini safari hii alisubiri. Na koki ya njano ya dukani sikuirudisha, hata kama ingeingia. Shaba ya njano ya kawaida ikikaa kwenye maji ya chumvi zinki yake inatoka, inabaki nyekundu-nyekundu na laini, siku moja inakatika mkononi kama biskuti. Chini ya maji weka ya bronzi au ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa boti.

Kazi yenyewe tuliifanya wakati wa bamvua, maji yanapopwa sana, boti ikakauka kabisa na tukapata saa kadhaa bila haraka. Wakati wa maji mafu, yanapopwa kidogo tu, usithubutu, utabaki na spana mkononi maji yako magotini. Bahari iliporudi nikafuta kila kiungio kikavu, nikafunga karatasi ya chooni chini yake, tukawasha injini saa nzima palepale nanga chini. Karatasi ikaonyesha unyevu kwenye klipu moja, nikaikaza nusu mzunguko. Nikabadilisha karatasi, nikarudi kesho yake asubuhi. Ilikuwa kavu, na nahodha alikuwa tayari ameshapakia barafu.