Nanoteknolojia baada ya saa za kazi: hesabu saa kabla ya ada

Mhandisi mmoja wa umeme ameuliza kama ataweza shahada ya uzamili ya nanoteknolojia, yaani sayansi ya vitu vidogo vya kipimo cha nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), kwa njia ya mtandao huku ameajiriwa kutwa nzima. Ametaja alama zake zote za fizikia. Saa alizonazo kwa wiki hakuzitaja, na hapo ndipo wengi hukwama.

Katika mfumo wa Uingereza krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya uzamili huwa na krediti 180. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa miaka miwili bila kupumzika hata wiki moja: saa 17 na kitu kila wiki. Kwa miaka mitatu ni saa 11 na nusu. Kwenye mfumo wa Ulaya wa ECTS krediti moja ni saa 25 hadi 30, hivyo programu ya krediti 90 huanzia saa 2,250. Mwenye kazi ya kutwa achague miaka mitatu, na tangazo la "saa chache tu kwa wiki" alisome kwa jicho la shaka, maana mara nyingi huhesabu video peke yake. Tena saa hizo zisikatwekatwe. Makala unaweza kuisoma safarini. Kukokotoa kunadai angalau saa mbili za mfululizo.

Kabla ya kulipa, kiulize chuo: maabara iko wapi? Programu nzuri hukuita chuoni kwa siku kadhaa, au hukutumia data ghafi, yaani vipimo ambavyo bado havijachakatwa, kutoka kwenye vifaa halisi uichambue mwenyewe. Ukijibiwa kwamba kuna video za maabara, basi kozi hiyo inamfaa anayeshughulikia hataza (hakimiliki za uvumbuzi), ununuzi au sera. Anayetaka kuajiriwa maabara aiache.

Data ghafi ndiyo shule yenyewe. Chukua kanuni ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa fuwele kutokana na mchoro wa eksirei: 0.9 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa upana wa kilele mara kosaini ya pembe. Tuseme kilele cha dhahabu kiko kwenye nyuzi 38.2, upana wake ni nyuzi 0.8, na wimbi la eksirei ya shaba ni nanomita 0.154. Geuza upana uwe radiani: 0.01396. Gawanya pembe kwa mbili, kwa sababu mashine huandika pembe maradufu: 19.1. Jibu ni nanomita 10.5.

Ukisahau radiani utapata 0.18, yaani fuwele ndogo kuliko atomu moja ya dhahabu. Kosa hilo linajifichua lenyewe. Ukisahau kuigawa pembe, utapata 12.6. Hili ndilo la kuogopwa, kwani linaonekana jibu la heshima na hakuna atakayelishuku. Lipo na la tatu: mashine yenyewe huongeza upana kidogo kwenye kila kilele. Usipoutoa, fuwele zitaonekana ndogo kuliko zilivyo.

Halafu linganisha vipimo. Chembe zilezile zinaweza kuwa nanomita 15 kwenye hadubini ya elektroni na 25 kwenye DLS, kifaa kinachopima kwa mtawanyiko wa mwanga. Mwanafunzi hudhani kimoja kimeharibika. Hadubini imeona kiini kikavu. DLS imepima chembe ikiwa ndani ya maji pamoja na tabaka linaloizunguka. Isitoshe, mwanga unaotawanywa na chembe ndogo namna hii huongezeka kwa kipenyo kikipandishwa kipeo cha 6: chembe yenye kipenyo mara 10 hutawanya mara milioni moja. Mabonge machache yatosha kulichafua jibu zima. Picha za hadubini zipime kwa ImageJ, programu ya bure ya kuchambua picha. Weka skeli kwanza kwa mstari uliomo pichani, kisha pima chembe 200 au zaidi bila kuchagua zilizopendeza. Picha iliyopunguzwa ukubwa baada ya skeli kuwekwa inaweza kukudanganya.

Kwa uigaji, yaani kuiga tabia ya maada kwa kompyuta, tovuti ya nanoHUB ya Chuo Kikuu cha Purdue ina programu za bure zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, na zinatosha kuanzia. Ukihamia Quantum ESPRESSO, programu ya bure inayokokotoa nishati ya elektroni katika maada, kwenye kompyuta yako, kumbuka muda hukua takriban kwa kipeo cha 3 cha idadi ya atomu: kazi ya atomu 20 iliyochukua nusu saa itachukua saa nne kwa atomu 40. Ianzishe usiku, na uzime mpangilio wa kompyuta kujilaza. Ikilala yenyewe, kazi nayo imelala. Jibu la kwanza usiliamini. Pandisha kikomo cha nishati, yaani kiwango kinachoamua usahihi wa hesabu, hatua kwa hatua mpaka jumla ya nishati isibadilike zaidi ya elektronivolti 0.001 kwa atomu, kisha fanya vivyo hivyo kwa nukta za k, yaani sampuli za mawimbi ya elektroni ambazo programu huzikokotoa.

Hesabu? Aljebra ya matriki, milinganyo tofautishi, na tatizo la elektroni ndani ya kisanduku mpaka ulitoe kichwani. Kisanduku kikipungua nusu, nishati hupanda mara nne. Ndiyo sababu nukta za kwantamu, yaani chembe ndogo mno za semikondakta, zilizotunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2023, hubadili rangi kwa ukubwa tu.

Tasnifu wengi huichukua kazini, kwa kuwa vifaa na sampuli vipo. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kupima sampuli ya kwanza, ikitaja data ipi inaweza kuchapishwa. Kama kuna uvumbuzi ndani yake, ombi la hataza litangulie, kwani katika nchi nyingi kitu kilichokwisha kuwekwa hadharani hakihesabiwi tena kuwa kipya, na tasnifu iliyo wazi maktabani iko hadharani. Muda usipotosha, kiombe chuo kiifungie tasnifu isisomwe na umma kwa kipindi maalumu, na uombe mapema, kabla hujaikabidhi.