Kabla hujalipa amana, uliza mkunga wako atakuwa nani

Usiilipe amana hiyo ya kujifungulia. Umeandika kwamba umechagua hospitali kwa sababu vyumba vyake ni vya kifahari na daktari wako anasifika Nairobi nzima, na kwamba mumeo atasubiri nje kwa kuwa ndivyo ulivyoelezwa. Dada yangu, maneno hayo hayo niliambiwa na afisa wa mauzo aliyenitembeza wodini akiisifu hata televisheni, asinieleze kwamba daktari niliyemlipia hufika mtoto anapokaribia kutoka. Televisheni yenyewe niliitazama ikiwa imezimwa, nimelazwa chali, kwa hiyo sina la kusimulia kuhusu vipindi vyake.

Saa zote za uchungu wa mtoto wangu wa kwanza nilihudumiwa na watu waliopokezana zamu bila kunitajia majina yao. Nilipoomba kutembea nilikatazwa. Na kwa kuwa njia ya uzazi haikufunguka sentimita moja kila saa, nilitundikiwa dripu ya kuongeza uchungu, kisha nikaongezwa njia kwa mkasi bila kuulizwa, huku mume wangu akisoma magazeti ya zamani mapokezini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unakataa kipimo hicho cha sentimita moja kwa saa, unapinga kumkata mama njia kwa mazoea tu, na unapendekeza mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Yule afisa angeusoma huo badala ya kukariri orodha ya vyakula.

Kwa mtoto wa pili nilitafuta mkunga kwanza, jengo baadaye. Kuta za kituo kile cha Eastlands zilihitaji rangi, lakini mkunga aliyenipima tangu kliniki ndiye aliyekaa nami usiku ule, akinikanda kiuno, akisikiliza moyo wa mtoto kila mara, na kunieleza alichotaka kufanya kabla hajanigusa. Nilijifungua nimepiga magoti, mume wangu akinishika mabega. Daktari wa upasuaji alikuwa jengo lilo hilo, tayari kuitwa hali ikibadilika. Kwa hiyo sisemi uzalie nyumbani.

Kuhusu maswali yako ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali, na vitu vya kubeba hospitalini, wengine watakujibu. Wewe rudi ukaonane na msimamizi wa wodi ya wazazi, wala si watu wa mauzo, umwulize mkunga mmoja huhudumia akina mama wangapi kwa zamu, na kama mumeo ataruhusiwa kuingia. Ukiambiwa waume hukaa mapokezini, tafuta kwingine, hata kama chumba kina roshani.