Swali la lugha: ng'ombe "ana joto" au "yuko kwenye joto"?

SWALI: Ninasomea tiba ya mifugo. Katika ripoti ya kupima damu ya ng'ombe wa maziwa niliandika: "Siku ya kwanza ng'ombe alikuwa na joto na homoni yake ilikuwa chini." Mkufunzi wangu ameipigia mstari sentensi nzima bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Tuanze na joto, maana hapo ndipo msomaji anapoweza kupotea. Ukimwambia mfugaji "ng'ombe ana joto", atamshika masikio aone kama yanachoma. Hiyo ni sentensi ya homa. Majira ya kutaka dume yana usemi wake: "yuko kwenye joto", "ameingia kwenye joto", au waziwazi kabisa, "anataka dume". "Ana" hutaja kitu alicho nacho mwilini. "Yuko kwenye" hutaja hali anayoipitia. Katika ripoti mimi ningeandika "alionyesha dalili za kutaka dume", hata kama ni ndefu, kwa sababu ukurasa huohuo huenda una safu ya jotomwili.

Sasa "homoni yake". Ipi? Hapa lugha imeharibu sayansi. Siku hiyo projesteroni, homoni inayotunza mimba, huwa imeshuka kabisa, mara nyingi chini ya nanogramu 1 kwa mililita, lakini estrojeni, homoni inayoleta dalili za kutaka dume, ndiyo kwanza imetoka kupanda. Sentensi yako inazijumlisha zote mbili, na kwa hiyo nusu yake si kweli. Itaje homoni kwa jina.

Tena, kinachopanda na kushuka ni kiwango. Wengi huandika "kiasi cha homoni", nami nakikwepa: kiasi ni wingi wa kitu, na wewe hukupima homoni yote iliyo mwilini, umepima ya kichupa kimoja. Neno sahihi kabisa ni ukolezi, kutoka kolea, kama rangi inavyokolea kwenye kitambaa. Nalipenda sana neno hili. Linaonyesha homoni ikiwa imetawanyika ndani ya damu. Tumia ukolezi penye tarakimu na kipimo, na kiwango unaposimulia mabadiliko. Upatanisho ni homoni hii, homoni hizi, "mahomoni" iache.

Kwa hiyo: "Siku ng'ombe alipoonyesha dalili za kutaka dume, kiwango cha projesteroni katika damu yake kilikuwa chini."

Ukifika kwenye sehemu ya mimba, chunga neno "huenda". Projesteroni ikiwa chini siku ya 21 baada ya kupandwa na dume au kuhimilishwa (kutiwa mbegu kwa mrija), unaweza kuandika "hana mimba" bila wasiwasi mkubwa. Ikiwa juu, andika "huenda ana mimba", kwani mzunguko wa joto wa ng'ombe mwingine hufika siku 24, hivyo siku ya 21 projesteroni yake huenda bado haijashuka, na mimba changa nayo huweza kuharibika. "Ana mimba" isubiri daktari ampime kwa mkono au kwa ultrasaundi.