Agnes Moorehead kabla ya Endora

Umeuliza kama Endora, yule mama mkwe mchawi wa Bewitched (kile kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani), mwigizaji wake aliwahi kuigiza kitu kingine. Aliigiza sana tu! Ni Agnes Moorehead, alitoka kwenye kundi la waigizaji la Orson Welles, mwongozaji na mwigizaji wa Marekani, redioni. Filamu yake ya kwanza ni Citizen Kane (1941), akiwa mama yake Kane, mhusika mkuu. Anatokea dakika chache mno: anafungua dirisha huku mtoto akicheza kwenye theluji, anasema sanduku la mwanawe limeshafungwa tangu wiki nzima. Uso mkavu, lakini roho inakuuma.

Tuzo ya filamu ya Oscar aliteuliwa kuiwania mara 4, hakupata hata moja. Mimi kinachoniudhi zaidi ni Sorry, Wrong Number: mchezo wa redio alioupa umaarufu yeye mwaka 1943, halafu filamu ilipotengenezwa 1948 nafasi akapewa Barbara Stanwyck. Jina kubwa lina wenyewe, bwana.

Ukipata muda tafuta "The Invaders", sehemu moja ya mfululizo wa TV wa The Twilight Zone (1961). Yuko peke yake kwenye kibanda usiku, hatamki neno hata moja, ni kuguna na kuhema tu, na huwezi kubandua macho.