Tango Haina Ngoma, Fuata Besi

SWALI: Huu mwezi wa nne najifunza tango, dansi ya Argentina. Hatua nazijua, lakini mwenzangu asema natembea tu, muziki siusikii. Nimekulia chakacha, nikitafuta ngoma kwenye tango siipati. Nifanyeje?
Msomaji wa kike, Tudor, Mombasa

JIBU: Dada, hutaipata. Okestra za tango za zamani kwa kawaida hazina ngoma. Kazi hiyo hufanywa na piano, besi na bandoneoni, ambayo ni binamu ya kodiani ya taarabu. Masikio yakikimbilia fidla utapotea, maana fidla huvuta sauti na huchelewa makusudi.

Anza na Carlos Di Sarli, kiongozi wa okestra ya tango, rekodi zake za miaka ya 1950 zisizo na mwimbaji. Kaa kitini. Hesabu mapigo manne, ugonge mguu kwenye la kwanza na la tatu tu. Ukizoea, tembea sebuleni, hatua moja kila pale ulipokuwa ukigonga. Baada ya hatua nane hivi utasikia muziki ukivuta pumzi: fungu limekwisha. Tulia hapo, usianzishe mzunguko mpya. Wengi huharibu papo hapo. Hujaza hatua kila pigo, utadhani kusimama ni haramu.

Kesho yake rudia wimbo uleule mara tatu: fuata besi, kisha piano, fidla mwisho.

Juan D'Arienzo afuate. Mapigo yake ni makali, hayafichiki. Osvaldo Pugliese mwache kwanza. Mwendo wake huvutika na kukatika, atakuvuruga.